Namna ya Kukaa Peke Yako Amani Bila Kumkosea Mtu

Anza kwa kuaga, na uage vizuri. Mtu mzima akitangaza nyumbani kwamba anakwenda kukaa peke yake msituni, wanaomsikiliza hugawanyika papo hapo: nusu watasema ana madeni, nusu watasema ndoa imeingia mchwa. Usiwaachie dhana, wape anwani. Sema unakwenda Amani, juu ya Muheza, mkoani Tanga, katika milima ya Usambara Mashariki. Sema ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, yenye zaidi ya hekta 8,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Hayo yote yatapita masikioni. Kisha ongeza kwamba kuna nyumba za wageni na kuna mpishi. Hapo mama atatulia. Msitu wenye mpishi anauelewa.

Sanduku la magurudumu libaki chini ya kitanda. Chukua begi la mgongoni, viatu vyenye meno, koti la mvua, soksi ndefu, sweta nzito, tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba. Sweta usiibishie. Wengi wanasikia Tanga wanafikiria joto la Raskazone, wakati nyumba za wageni za Amani ziko yapata mita 900 juu ya bahari, na mwezi wa Julai ukungu unaingia hadi barazani. Spika ya muziki nayo ibaki nyumbani, na hapa sina mjadala. Kuna viumbe kule juu ambao maisha yao yote yanategemea kusikiana gizani, nawe ni mgeni wao.

Mvua haikwepeki. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu milima hii ndiyo ya kwanza kukutana na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara huteleza na magari huweza kulala njiani. Vuli huanza Oktoba. Kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho rahisi, na hata humo utaloa tu. Beba kamba ya kuanikia nguo, na uvumilie: shati lililofuliwa Jumatatu linaweza kuvaliwa Alhamisi.

Kutoka Dar es Salaam, nenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis, upande basi lolote la Tanga, umwambie konda kwa sauti kwamba unashuka Muheza. Mkumbushe tena mnapofika Segera, pale barabara inapogawanyika, ya Moshi na Arusha ikienda kwake na ya Tanga ikienda kwake. Baada ya Segera usilale. Anayetoka Mombasa atavuka mpaka kwa Lungalunga na Horohoro, ataingia Tanga mjini, na kutoka hapo Muheza ni mwendo mfupi. Utajua umefika ukiona machungwa yamepangwa kando ya barabara na vijana wanaliwahi basi kabla halijasimama. Nunua. Chungwa la Muheza lililoliwa Muheza ni jambo jingine kabisa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huiharibu safari yao: hukodi gari. Nawasihi msikodi gari. Kuna gari la abiria la Amani, huondoka Muheza mchana na kushuka alfajiri ya siku inayofuata, na hilo ndilo la kupanda, hata kama una hela ya kukodi magari matatu. Fika stendi mapema, uulize saa ya siku hiyo, weka begi dogo kwenye kiti ili kiti kijulikane kina mtu, kisha kaule wali maharage. Toa hela mashineni hapohapo mjini na uombe noti ndogondogo. Kule juu usitegemee benki.

Ukirudi utakuta juu ya gari kumepakiwa mabati, magodoro, kreti za soda na mifuko ya saruji. Ndani kuna boksi lenye matundu, na boksi linalia, maana ni vifaranga. Kiti cha mbele ni cha mzee au mgonjwa, hata kama ulikiwahi. Kisha atapanda mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na ndoo, atakutazama, atasema, "Nishikie huyu, kaka," na mtoto atakuwa mapajani pako kabla hujaitika. Mshike vizuri. Huyo ndiye mwenyeji wako wa kwanza.

Maswali yatakuja mkishapita nyumba za mwisho za mji.

"Unashukia wapi?"

"Amani."

"Kwa nani?"

Usijikanyage hapo. Hilo si swali la umbeya. Mlimani mtu huenda kwa mtu: kwa shangazi, kwa mwajiri, kwa mgonjwa. Jibu kikamilifu: "Sina ndugu. Nafikia nyumba ya wageni ya hifadhi, nitakaa peke yangu, nipumzike."

"Peke yako? Pole."

Ipokee pole hiyo kwa moyo wote, useme asante. Usianze kueleza kwamba upweke ni mzuri kwa akili. Ndani ya dakika tano gari zima litakuwa limekupangia mtu. Huyu atasema shemeji yake ni askari wa misitu, yule atasema anayepika pale anasali naye. Konda ataambiwa akushushe mlangoni, asikushushe njia panda. Mwenye gari la kukodi hufika juu akiwa hajulikani na mtu. Wewe utafika ukiwa umeshakabidhiwa. Upweke mzuri hukaa juu ya watu wanaojua uko wapi, na watu hao huwapati popote isipokuwa ndani ya gari hilo.

Kutoka Muheza hadi Amani ni yapata kilomita 35. Utapita mitiki ya Longuza, iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka, na ni vizuri uiangalie sana, ili baadaye jicho lako lijue tofauti ya shamba la miti na msitu. Sigi ndipo pa kuandikisha jina na kulipa ada. Utapewa namba ya malipo, utalipa kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio. Ofisi ya maelezo iko katika nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, kwani hapa ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kufuata mbao za mlimani. Reli ilishang'olewa zamani, na msitu umelirudia eneo. Mto unaousikia ni huohuo Sigi unaotiririka hadi bwawa la Mabayani na kuwanywesha watu wa Tanga mjini. Mtu wa Chumbageni akifungua bomba anakunywa mvua ya huku, na nadhani kila mtoto wa Tanga angeletwa hapa walau mara moja auone mto wake.

Baada ya Sigi gari huingia gia ya kwanza na kubaki humo. Kona ni kali, dereva anapiga honi kabla ya kila moja, na mimea inaingiza mikono dirishani. Hewa inabadilika, na watu wanaanza kuvaa masweta. Wewe pia vaa.

Ukishuka, usikimbilie chumba. Salimia kwanza, wote, kuanzia mlinzi. Kama anayepika amekuzidi umri, mpe shikamoo yake. Kisha wahi kusema habari ya chakula, kwa sababu hakuna soko la kukimbilia saa moja usiku. Akikuuliza utakula nini, uliza kuna nini, uchague humohumo. Ugali, maharage na mchicha havikosekani. Kuku aagizwe tangu asubuhi. Uliza maji ya kunywa, uliza mshumaa uko wapi umeme ukikatika, uliza mtandao wa simu unashika wapi. Kuna mahali, na patakuwa jiwe fulani au kona fulani ya uwanja, na utaonyeshwa kwa kidole.

Usiku wa kwanza ndio mtihani, na napenda kukupa majibu kabla. Giza likishika, juu ya miti kitaanza kitu kukwaruza, taratibu, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Mkwaruzo utaongezeka, utapanda, utakaza, mwisho utakuwa ukelele wa kiumbe ambaye unaapa anachinjwa. Kimya. Halafu mwingine atajibu ng'ambo ya bonde. Huyo ni perere. Ana kilo mbili au tatu, manyoya mengi, anakula majani, na jamaa zake wa karibu duniani ni pamoja na tembo. Anatangaza eneo lake, basi. Atalia kesho, keshokutwa, na siku utakayoondoka. Usimwamshe mlinzi. Ukimwamsha atakuja na rungu kwa heshima zote, atasikiliza, atakwambia, "Perere huyo, lala." Kilio cha mtoto mchanga utakachosikia baadaye kidogo ni cha komba.

Nina ombi moja kuhusu usiku huo. Zima taa, toka barazani na sweta yako, ukae. Hofu hutengenezwa na chumba chenye taa na dirisha jeusi. Nje, ukiwa umekaa, masikio huanza kugawa sauti moja moja, vyura upande huu, wadudu upande ule, na baada ya muda unajua nani yuko wapi. Ndani ya chandarua ingia baada ya hapo, na chandarua kikaze kweli, hata kama umeambiwa mbu wa mlimani ni wachache kuliko wa Muheza.

Siafu ni habari nyingine. Msafara wao ukiingia nyumbani usipigane nao. Chukua simu, chukua blanketi, toka, mwite mwenyeji. Atamwaga majivu panapofaa. Wakiachwa wanasafisha mende na kila kilichojificha ukutani, kisha wanaendelea na safari yao. Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vikung'ute.

Asubuhi ya kwanza mchukue mwongozaji wa hifadhi na umlipe bila kunung'unika. Njia za msituni zinafanana, na za mashamba ya chai ya Kwamkoro na Monga zinafanana zaidi. Mwombe akufundishe vitu vichache hadi uvijue. Mwambie akupeleke kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, pamoja na taasisi yao ya utafiti wa kilimo. Waliagiza miti kutoka pembe zote za dunia ili waone upi utaleta faida. Simama chini ya mkwinini. Gome la mti wa aina hii lilikuwa dawa ya malaria, na katika Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa, taasisi ya Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani lililozingirwa. Baada ya vita Waingereza waliendeleza utafiti wa kilimo, na baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria yenyewe. Majengo bado yapo.

Kisha muulize akuonyeshe Maesopsis, mti mrefu uliotolewa kanda ya maziwa na kupandwa huku. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanakula, wanaruka na mbegu, wanaziangusha katikati ya msitu. Ukishaujua utauona kila palipo na uwazi, umewahi kuota kabla ya miti ya asili. Mimi hunikera sana mtu akisimama barazani akasema kila kijani anachokiona ni msitu wa tangu kuumbwa kwa dunia. Kijani kingine kilikuja juzi. Cha zamani ndicho cha kutetewa, na huwezi kutetea usichokitambua.

Na kabla ya kutamka kwamba wanakijiji wanaharibu mazingira, waulize habari ya Derema. Pale kulikuwa na mashamba ya iliki chini ya miti mikubwa, na familia ziliambiwa ziyaache ili vipande vya msitu viunganishwe na wanyama wapate kupita. Fidia ililipwa, na mazungumzo kuhusu fidia hiyo bado yapo. Sikiliza tu. Kila unapomwona mbega akiruka na mkia wake wenye ncha nyeupe kutoka mti hadi mti, kuna mtu aliyeacha shamba.

Kwenye mawe yenye unyevu, kivulini karibu na vijito, tafuta majani mazito yenye vinyweleo, yamejipanga duara karibu kabisa na jiwe, na katikati ua la zambarau lenye kiini cha manjano. Hiyo ni Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliiona katika nchi hii ya Usambara na kuituma kwao, na leo jamii yake iko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, ikiuzwa madukani. Hapa inaishi bure kwenye jiwe lake. Piga magoti uitazame, upige picha, uinuke. Ukiing'oa itakufa ndani ya begi lako, nami sitakuwa na neno jema la kukwambia.

Usiku mwingine, mwongozaji yule akikubali, rudini njiani na tochi. Kinyonga hupauka akilala, na mwanga ukimpiga anang'aa kwenye ncha ya tawi. Ukibahatika utamwona wa Usambara ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Chini zaidi, kwenye vichaka vya urefu wa goti, kuna kinyonga mdogo anayetoshea kidoleni, ana rangi ya jani kavu na mistari ya jani kavu, na utampita mara nyingi kabla jicho halijamkubali. Kuna pia chura mdogo wa jamii ya Nectophrynoides, asiyehitaji dimbwi la kulelea viluwiluwi, kwa sababu anazaa watoto waliokamilika. Usimguse hata mmoja. Mafuta ya kuzuia mbu yaliyo mikononi mwako ni sumu kwa ngozi ya chura.

Siku ukishajua njia, tembea peke yako kwenye barabara inayopita kati ya chai na msitu. Sema unakokwenda, rudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukikutana na wachuma chai, wape "habari za kazi". Kijijini kuna chai ya rangi yenye iliki, na kuna benchi la kuinywea. Mpango mwingine wa siku huhitaji.

Hata hivyo itafika jioni moja, na huwa ni saa kumi na mbili, ukungu umeshuka, vitabu vimechosha, na kitu kizito kinakaa kifuani. Kinampata kila mtu, wala si dalili kwamba ulikosea kuja. Usipige simu nyumbani saa hiyo. Utawatia hofu bure, na wewe utalia. Piga kesho asubuhi, jua likiwa kwenye lile jiwe la mtandao. Jioni hiyo nenda jikoni. Sema, "Mama, naomba nikusaidie." Atakataa, atasema wewe ni mgeni, kakae. Vuta kigoda ukae hapohapo. Baada ya muda ataisogeza sinia ya mchele kidogo upande wako, bila kusema kitu. Chambua. Moto upo, sufuria linatokota, redio ndogo inasoma habari, na perere ameanza kule nje. Mtazungumza au hamtazungumza. Ukirudi chumbani utakuwa peke yako tena, na safari hii utakuwa umetulia.

Jioni ya mwisho mwambie konda unashuka naye. Gari huondoka kungali giza, na likifika kwenu litapiga honi, kwa hiyo begi liwe mlangoni tangu usiku, na malipo ya chumba na chakula yawe yamekamilika na risiti umechukua. Katika kitabu cha wageni usiandike "pazuri sana" peke yake. Andika mnyama uliyemwona, mahali na saa, ili anayekuja aanzie hapo. Safari ya kushuka gari litajaa magunia ya iliki na mdalasini, na nguo zako zitanukia hadi Dar.

Kabla hujapanda, huenda mtu akakufuata gizani na kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Mtu wake amelazwa hospitali Muheza, naye hana wa kumtuma. Kati ya wote wanaoshuka alfajiri hiyo, amekuchagua wewe. Kipokee kwa mikono miwili. Uliza jina kamili la mgonjwa, wodi, na namba ya simu ya anayemuuguza. Ukifika Muheza, usitafute kwanza basi la Dar. Chukua bodaboda, nenda hospitali, mkabidhi mwenyewe mkononi, umpigie aliyekutuma umwambie kimefika.